Unga Uliofika Rangi ya Halua

Kuna wema usiouliza. Ndilo kosa ninalokusudia kulieleza hapa, nami nalitaja mapema ili msomaji asije akadhani kwamba nasimulia habari za chakula tu. Mwenye wema huo humwona mwenzake akifanya jambo asilolijua yeye, akaamua moyoni kuwa mwenzake ameharibu, akaingia mbio kumwokoa. Hapigi hodi. Hasemi, "Hiki nini?" Na akishamaliza kuokoa, hukaa akingoja kushukuriwa. Katika vitabu vya maadili nimelisoma kosa hili likiitwa kwa majina mazito: kiburi, ujuba, kujiona. Lakini sikupata kuliona umbo lake lote mpaka Ijumaa moja, nilipolikuta limesimama jikoni kwa dada yangu, limekunja mikono ya nguo, limeshika dodoki, linasugua sufuria.

Dada yangu ni mtu mwema. Nalisema hili kwa uthabiti, kwa kuwa yatakayofuata yanaweza kumpotosha msomaji. Nyumba yake ya Ibra, huku Oman, iliyopakana na mashamba ya mitende yanayonyweshwa na falaji, ile mifereji ya kale ya maji, haijapata kumfungia mgeni mlango. Yeye alizaliwa Unguja akaletwa huku akiwa mtoto. Mimi nilizaliwa huku baada ya safari ile. Mama yetu alikuja na jiko zima kichwani mwake, bamia za tui, mkate wa kumimina, mchuzi wa papa, na jiko hilo akamrithisha dada. Mimi nilirithi vitabu. Nikawa mwalimu wa historia, na hata leo nikithubutu kutia chumvi katika mchuzi wake hunitazama kama aliyemkamata mwizi.

Katika ukoo wetu kuna ada tunayoiita chungu cha kwanza. Bibi harusi akishatulia, hupangiwa Ijumaa moja apike chakula cha kwao, si cha kwetu, na jamaa wote huja kula. Mama mkwe ndiye anayetia tonge la kwanza mdomoni, mbele ya macho ya kila mtu, na tonge hilo likishamezwa basi binti amekuwa wa nyumba. Ada hii ina mkia ambao wanaume hawaujui. Chungu cha binti kikiungua, au chumvi ikizidi, ni wajibu wa mama mkwe kukificha kabla hajajua mtu: amwage, asugue, apike kingine upesi kwa jina la binti, na asilitamke jambo hilo mpaka anaingia kaburini. Tunaiita sitara. Wangapi miongoni mwetu walisitiriwa hivyo, hatujui, na hiyo ndiyo maana yake.

Mwaka huu ada hiyo ilimfikia mke wa mwana wa dada yangu, na huyo hakutoka Ibra, wala Sur, wala Maskati. Kijana wetu, mhandisi wa maji, alikwenda kusoma Luiziana, kusini mwa Marekani, katika nchi ya mabwawa na mito mizito, akarudi na shahada na mke. Binti ni mweusi mwenzetu, wa watu wanaoitwa Wakrioli. Baba yake alisilimu kabla yeye hajazaliwa. Alikuja na Kiswahili cha polepole alichofundishwa na mumewe, kila neno amelishika kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai, na siku ya kwanza alipoinama akasema "Shikamoo, mama," dada yangu aliitikia "Marahaba" kwa furaha iliyosikika mpaka barabarani.

Furaha ilipungua pale ilipoulizwa khabari ya chungu.

"Utatupikia nini, mwanangu?" dada alimwuliza. Tulikuwa tumekaa watatu barazani, tunachambua tende.

"Nitapika gambo, mama."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mchuzi mzito. Una bamia, una kamba, una kuku, una soseji za ng'ombe. Unaliwa kwa wali."

Dada hakumtazama tena. Alinigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye balozi wa Luiziana. "Bamia, na kamba, na kuku, chungu kimoja? Kwao hakuna sufuria za kutosha?"

"Sufuria zipo, mama," binti akajibu yeye mwenyewe. "Watu ndio walikuwa wengi."

Nilinyanyua kichwa. Katika maisha yangu ya ualimu nimesahihisha insha nyingi za historia, na sikumbuki iliyosema mengi kwa maneno machache namna hiyo. Dada yangu hakusikia chochote. Alikuwa ameshaanza kusema kwamba angalau kamba wapikwe mbali.

Jioni ile mwanawe alinifuata kwenye gari yangu. Alikuwa na kazi mbili mkononi, moja ya Ibra na moja ya Maskati, na waajiri wote wawili walikuwa wakingoja jibu lake. Mama yake aliijua ya Ibra tu, na alikwishaanza kupaka rangi vyumba vya juu.

"Mama mdogo," aliniambia, "mimi nataka kukaa hapa. Mke wangu naye anataka. Lakini siwezi kumweka katika nyumba ambayo chungu chake hakiliwi. Mama akila Ijumaa, nawajibu wa Ibra. Asipokula, au akila kwa kukunja uso, nawajibu wa Maskati. Usimwambie."

Sikumwambia. Siri ya kijana ni amana. Lakini tangu hapo nilikuwa nikipita chini ya vile vyumba vya juu, nikisikia harufu ya rangi mbichi, nikaona uzito wa mchuzi ule kuliko wapishi wake.

Kamba tulikwenda kuwanunua Sur, mimi na binti, siku moja kabla, kwa sababu msimu wao ulikuwa umefunguliwa na dada hakuamini kamba aliyesafiri kwa gari la mtu mwingine. Njia ni ndefu, na mimi huitumia njia kwa kuuliza maswali. Nilikwishasoma kidogo juu ya vyakula vya Wakrioli na jirani zao Wakejuni, lakini kusoma khabari za chungu ni kama kusoma khabari za kuogelea.

Binti alinisimulia akitazama vilima. Kwamba bamia zilikwenda kule pamoja na watu wa Afrika waliochukuliwa utumwani, na kwamba jina lenyewe la gambo, kama wasemavyo wengi waliolichunguza, ndilo jina la bamia katika lugha za watu wa Angola, ndugu wa lugha yetu. Kwamba waliojua kulima mpunga katika maji walikuwa Waafrika wa magharibi, na mabwana zao waliwataka kwa ujuzi huo kisha wakajisifu kwa mchele. Wafaransa walileta desturi ya kukaanga unga katika mafuta ili mchuzi uwe mzito. Wenyeji wa asili wa nchi ile waliongeza majani makavu ya mti wao mmoja yaliyosagwa, ambayo huuvuta mchuzi kama mlenda. Wahispania walitawala kwa muda, nao wakaacha mkono wao katika viungo. Ndipo wakaja Wakejuni, wakulima wenye asili ya Kifaransa waliofukuzwa na Waingereza kutoka nchi ya baridi ya kaskazini. Wakatupwa mabwawani, wakajifunza kupika chochote kilichoogelea au kutambaa.

"Na jambalaya?" nikauliza.

"Hiyo ni pilau, khalti," akasema, kwa neno la Kiarabu la kumwita mama mdogo, alilolichagua kuniitia. "Usimwambie mtu wa kwetu. Sisi tunasema ni yetu."

"Na sisi tunasema pilau ni yetu."

"Basi tunyamaze wote."

Alinieleza pia kuwa kwao Jumatatu ni siku ya maharage mekundu na wali, kwani zamani Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, na maharage hujipikia yenyewe mwanamke akiwa na mikono ndani ya povu. Jambo hilo lilinipendeza kuliko habari za wafalme. Historia iliyoandikwa hukumbuka nani alitawala Jumatatu. Ni jiko linalokumbuka nani alifua.

Kisha akanitajia bibi yake, mama wa baba yake, ambaye si Muislamu. Gambo la bibi huyo lilikuwa na soseji ya nguruwe tangu enzi za mama yake na mama wa mama yake. Mwanawe aliposilimu, alimwendea akiwa na hofu kwamba hatakula tena kwa mama. Bibi alimwuliza, "Kipi hasa huruhusiwi?" Akaambiwa. Akakitoa. Akatafuta soseji ya ng'ombe, akaonja, akasema inahitaji pilipili zaidi, na maneno yakaishia hapo. "Chungu hakikubadilika," alisema binti. "Yeye alisema hivyo. Chungu ni kile kile, ila mtoto wangu yumo."

Nililiweka neno lile moyoni. Mwanamke wa mbali, asiyesoma kitabu chetu hata kimoja, alikuwa ameuliza swali.

Sokoni Sur muuza samaki alikuwa mtu mzima wa ukoo wa mabaharia, Kiswahili chake cha babu zake, kikavu na kitamu. Alitupimia kamba, akaanza kuwakata vichwa kwa adabu ya kumhudumia bibi mgeni.

"Vichwa nipe," binti akamwambia. "Na maganda. Na vya hawa wengine uliowakata, kama huvitaki."

"Vichwa huwapa paka mimi. Paka wako wangapi, bibi?"

"Sina paka. Nina mkwe."

Mtu yule aliweka kisu chini. Alicheka mpaka jirani zake wa meza ya pili na ya tatu wakataka kujua kuna nini, akawaeleza, nao wakacheka. Na kila mmoja akaleta vichwa vyake, wakajaza mfuko. "Mpelekee," alisema akifuta macho. "Mkwe huyo ama ana bahati, ama ana balaa!" Mimi sikucheka, kwani katika soko lile wamo niliowasomesha. Garini nilicheka.

Ijumaa asubuhi binti aliingia jikoni mapema. Vichwa na maganda vilikuwa vimekwishachemshwa vikatoa supu nyekundu yenye harufu ya bahari nzima. Vitunguu, pilipili boga na karafsi, lile jani la supu lenye mashina marefu, vilikuwa vimekatwa vidogo vidogo vikangojea pembeni. Akamimina mafuta katika sufuria nzito ambayo dada aliinunua soko la Nizwa, akatia unga wa ngano, akashika mwiko, akaanza kukoroga.

Kazi yote ya gambo, msomaji, imo humo. Moto uwe mdogo, na mkono usipumzike. Unga ulikuwa mweupe, ukawa kama mchanga, ukawa kama njugu, ukawa kama ngozi ya tende. Mimi nilichoka kwa kutazama. Nikamwuliza anataka ufike wapi, akatafuta jikoni kitu cha kunionesha, akaona bakuli la halua, ile nyeusi ya kahawia inayong'aa, tuliyowawekea wageni. "Pale," akasema. "Ukifika rangi ya halua, naweka vitunguu. Ukipita kidogo tu, ni wa kumwaga. Bibi yangu anasema hapo katikati panatosha pumzi moja."

Ulikuwa umekaribia kabisa pale jamaa wa kike walipogonga mlango wa mbele, mapema kuliko tulivyowatazamia, kwa sababu kila mmoja alitaka kumwona mgeni kabla ya mwenzake. Bibi harusi hawezi kukosekana mlangoni. Aliepua sufuria, akasema moto uliobaki ndani ya mafuta utaimaliza kazi, akafunika, akatoka. Nilikwenda naye kumsaidia maneno.

Dada yangu aliingia jikoni kwa mlango wa uani. Alifunua.

Sitaki kumdhulumu. Nimejaribu mara nyingi kusimama pale aliposimama. Aliona unga mweusi katika mafuta. Jikoni kwetu unga mweusi una maana moja tu. Barazani aliwasikia wanawake wa ukoo, na ndimi zao anazijua. Akakumbuka wajibu wake. Moyo ukamjaa huruma, naamini hivyo, huruma ya kweli kweli. Akaumwaga unga wote chini ya mti wa ndimu, akaisugua sufuria mpaka ikang'aa, akakata bamia, akavunja nazi mbili za akiba, na tuliporudi tulikuta bamia za tui zinachemka katika chungu kingine, nyeupe, nzuri, za kwetu.

Alimkonyeza binti. Yule anayemsitiri mwenzake hukonyeza tu.

Binti aliitazama sufuria yake iliyosuguliwa. Kisha akautazama ule mfuko mtupu wa vichwa vya kamba, na mwiko uliooshwa. Hakulia wala hakuuliza. Aliteremsha mikono ya nguo yake, mmoja baada ya mwingine, akasema, "Ahsante, mama," akaenda chumbani kwake akafunga mlango polepole.

"Masikini," alisema dada kwa sauti ya chini. "Kaona haya. Lakini hatajua mtu."

"Dada, umemwaga nini?"

"Usiseme kwa sauti. Aliunguza."

"Hakuunguza. Ule ndio uliokuwa upishi wenyewe. Kaukoroga tangu asubuhi ufike pale."

"Ulikuwa mweusi! Nina pua mimi."

"Pua unayo. Swali ndilo huna."

"Nimemsitiri!"

"Umemsitiri asionekane kabisa," nikamjibu.

Alikaa juu ya kibago. Ni mara chache nimemwona dada yangu amekaa jikoni mwake. Na wakati huo huo mwanawe alipita kibarazani akitoka chumbani kwa mkewe, ufunguo wa gari mkononi, akanitazama mimi kwa uso uliofungwa. "Mama mdogo, natoka kidogo. Nina simu ya kupiga." Sikuhitaji kuuliza ya wapi. Nilijua vyumba vya juu vimekwisha kupakwa rangi bure.

Hapo ndipo sauti ilipotoka uani.

"Nani kamwaga unga uliofika?"

Ilikuwa sauti ya ami yetu, mdogo wa marehemu baba, anayekaa katika nyumba ile. Lazima nimweleze mtu huyu. Ni mzee mrefu, mwenye maringo, asiyekubali kahawa iliyokaangwa na mkono mwingine. Kila Ijumaa kabla ya sala huteremsha seredani yake uani, hutia makaa, huweka kikaango cha chuma, na kwa kijiko chake chenye mpini mrefu hukaanga buni kwa wageni wa majlisi, ile sebule ya wanaume, huku akieleza, hata kama hayupo wa kumsikiliza, kwamba watu wa siku hizi wanakunywa maji ya mkaa. Kuhusu jiko la wanawake alikuwa na msimamo unaojulikana: mwanamume aingiaye humo amepotea njia. Na kwa miaka mingi hakupotea.

Sasa alisimama kizingitini, kijiko mkononi.

"Tangu asubuhi nausikia," alisema. "Nikasema moyoni, leo kuna khabisa." Hicho ni kitamtam cha huku, unga wa kukaangwa kwa samli, sukari na hiliki. "Kisha ukapita khabisa. Ukaendelea. Nikasema, huyu anayekaanga anajua anakokwenda, unga huu unakwenda kwenye kahawa. Mara harufu imekatika, na sasa nauona chini ya ndimu. Nani?"

"Mimi, ami," akasema dada. Alionekana mdogo ghafla. "Nilidhani umeungua."

"Umeungua! Kilichoungua kina uchungu puani, hapa." Akajigusa. "Kilichofika kina utamu. Miaka yote hii unakaa nyumba moja na mimi, hujajifunza kitu?"

"Ami, si wakati wa..."

"Mwiteni mwenyewe."

Nilitaka kwenda mimi. Dada alinishika mkono, akainuka, akaenda yeye. Nilimfuata mpaka pembeni mwa ukumbi, nikamwona amesimama mbele ya mlango wa chumba katika nyumba yake mwenyewe, nyumba ambamo huingia kila pembe bila kusita, akagonga.

"Hodi," alisema. "Mwanangu, hodi."

Mlango ukafunguka kidogo.

"Nimemwaga kazi yako. Nilidhani imeungua, wala sikukuuliza. Naomba radhi." Akavuta pumzi. "Nifundishe."

"Mkono wangu umechoka, mama," alijibu binti, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na uchovu tu. "Na saa hazitoshi. Lazima kukoroga sana, bila kuacha."

"Bila kuacha!" ikaja sauti ya ami kutoka uani, mwenyewe ametusikia yote. "Na mimi nafanya nini hapa kila Ijumaa, nafukuza nzi?"

Ndivyo ilivyokuwa kwamba wanawake wa ukoo wetu, waliokwisha kuhamia madirishani, walimwona ami, mtu wa msimamo, ameketi juu ya kibago mbele ya seredani yake, sufuria ya Nizwa juu ya makaa, unga na mafuta ndani, akikoroga kwa kijiko cha kahawa. Kijana, aliyefika mlango wa mbele na ufunguo wake, alisita, akarudi kuangalia. Binti alichuchumaa upande mmoja, dada upande wa pili.

"Umefika?" ami akauliza unga ulipopata rangi ya njugu.

"Bado."

"Hapa mtu angetia sukari akala."

"Bado, ami."

"Wewe binti unataka kunichosha."

"Kama umechoka, mpe mama."

"Nani kachoka?" Kijiko kikaenda mbio zaidi. Madirishani kukawa na vicheko. "Na nyie huko, hamna kwenu?"

Dada yangu, kwa upande wake, alikuwa kama aliyefunguliwa kifungo cha ulimi. Aliuliza kila kitu. Mafuta ni haya haya? Makaa nipunguze? Huu moshi ni wa heri au wa shari? Vitunguu niweke sasa? Bado? Sasa? Mpaka binti, ambaye uso wake ulikuwa bado umejikaza, alishindwa, akacheka, akaegemea bega la mkwewe kwa kucheka. "Mama, maswali sasa yamezidi."

"Nalipa ya nyuma," dada akamjibu.

Unga ukapita ngozi ya tende, ukaikaribia halua. Ami aliinamisha kichwa, akanusa, akanusa tena. "Sasa," alisema yeye, na wakati ule ule binti akasema, "Sasa!" na dada akamimina vitunguu. Sufuria ikapiga kelele, mvuke ukapanda, na harufu iliyotoka siwezi kuieleza, ila wanawake wote madirishani walinyamaza. Ami akanyanyuka kwa kushika magoti, akakung'uta kanzu, akaenda kutia udhu kwa mwendo wa mtu aliyeshinda kesi. Wanaume walipokuwa msikitini, gambo lilichemka na supu ya vichwa, kuku, soseji na bamia. Kamba waliingia mwisho.

Zile bamia za tui zilikuwa bado pale. Dada alitaka kuziondoa zisionekane. Binti alichovya kijiko, akaonja, akafikiri. "Usiziondoe, mama. Hawa ni binamu."

Baada ya sala wanaume walikaa majlisi na sisi ndani, masinia yakawekwa, wali katikati, gambo juu yake jeusi linalong'aa, na bamia nyeupe kando. Jamaa walimtazama dada. Mwanawe alisimama kwenye pazia la mlango, hakuingia wala hakuondoka. Dada akafinyanga tonge, akalitia mdomoni, akatafuna taratibu, macho yamefumbwa. Kisha, badala ya kusema neno la ada, akanyoosha mkono akachukua tonge la pili, kubwa kuliko la kwanza, akaanza kutafuta kamba.

"Mbona husemi?" mmoja akamwuliza.

"Nitasemaje na nimejaza mdomo?"

Pazia likasogea. Baadaye kijana aliniambia kwamba alikwenda moja kwa moja kupiga simu, na aliyempigia alikuwa wa Ibra.

Lakini walikuwapo waliochungulia madirishani, na mmoja wao, bibi mmoja mwenye ulimi ninaouheshimu kwa mbali, hakuweza kujizuia. Aliulizia kwa upole wenye miiba imekuwaje chungu cha bibi harusi kikapikwa mara mbili, na kama hakukuwa na kitu kilichoungua asubuhi. Nikamwona binti ameinamisha macho. Kwa ada, dada yangu alipaswa kukana.

"Kilichoungua ni akili yangu," dada akasema. "Chungu chake kilikuwa kizima. Nilikimwaga mimi kwa kutokujua." Watu wakatazamana. Hakuishia hapo. "Na kwa kuwa mnapenda khabari za vyungu: ile pilau mliyoila siku yangu, mkaisifu mpaka leo? Hiyo ilipikwa na marehemu mkwe wangu. Yangu iliungua mpaka chini. Alinisitiri, Mungu amrehemu, nami nikadhani kila chungu cheusi ni changu."

Kelele zilizozuka pale zilimfanya mtu wa majlisi kubisha ukuta. Walicheka wakashikana, wawili watatu, nikaona, walicheka huku wakiepuka macho ya wenzao, nami nikaelewa kuwa pilau ile haikuwa peke yake. Bibi mwenye ulimi alijipakulia gambo tena. Dada yangu alikuwa ametoa sitara yake aliyoilinda ujana wake wote, akamfunika nayo binti wa watu. Nimesoma mengi juu ya toba. Sikumbuki iliyonukia vizuri vile.

Kutoka majlisi tulisikia sauti ndefu ikiwaeleza wanaume kwamba chakula hiki, ukikichunguza vizuri, asili yake ni Oman.

Bibi yule akafuta sahani kwa kidole, akamgeukia dada mara ya mwisho, ingawa dirishani alikwisha kujionea mwenyewe, akitaka tu kulisikia likitamkwa. "Haya, wa kwanza ulimwaga wewe. Na huu tulioula, unga wake kaukoroga nani?"

Dada yangu angeweza kujitaja yeye, na wasiofika madirishani wakaamini. Akamtazama mke wa mwanawe kwanza, akamwuliza kwa macho, binti akaitikia kwa kichwa, ndipo akajibu:

"Ami."